Mbwa Wetu, Hayawahusu

Jina si sisi tuliompa. Mbwa tulimrithi kwa mama mmoja aliyekuwa amepanga nyumba ya nyuma yetu, na kabla ya hapo alikuwa akiishi kwenye nyumba ya wapangaji wengi ambako waligombania LUKU mpaka wakafikia kuhesabiana pasi. Wenzake walijibizana kwa khanga. Yeye akaona khanga hazitoshi, akatafuta mbwa, akamwita Hayawahusu. Kila asubuhi alisimama uani kumwita mbwa wake aje kula, na ujumbe ukafika vyumba vyote bila yeye kumtazama mtu. Akili ya namna hiyo naiheshimu sana. Shida ni kwamba alipohamia Dodoma alituachia mbwa na jina, ugomvi akaenda nao.

Tulijaribu kumbadilisha. Tulimwita Simba, akawa anageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Tukamwita Bosi, akalala. Lakini tamka Hayawahusu, hata kwa kunong'ona, anakuja mbio. Ni mkubwa, rangi ya udongo, na yule mama aliapa kuwa baba yake ni German Shepherd. Masikio tuliahidiwa kwamba yatasimama. Hadi leo yanaomba muda.

Sasa huku kwetu Kimara, upande wa mlimani, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani. Usiku wa kwanza mbwa alianza kubweka kwenye saa nane hivi. Nikafungua dirisha, nikapaza sauti: "Hayawahusu! Hayawahusu! Nyamaza!" Mbwa akanyamaza. Mtaa nao ukanyamaza, ule ukimya wa watu walioamka na wanatafakari. Kisha taa zikaanza kuwaka, nyumba moja baada ya nyingine.

Kwetu malalamiko hayaingii ndani bila kuvua viatu. Jirani wa geti la kijani alifika jioni, akapiga hodi, akakaribishwa. Tukaulizana habari za watoto. Tukaongea mvua. Tukahamia bei ya saruji, na hapo tukakaa sana, maana kila mmoja wetu ana chumba kisichokwisha. Chai ikaja, ikanywewa. Alipokwisha kuaga, mkono uko kwenye kitasa, ndipo akasema, "Sasa jirani, huyu mwenzetu..." akamwonyesha kwa kidevu. "Huyu mwenzetu usiku halali?"

Nikamwambia ndiye mlinzi.

"Mlinzi sawa. Lakini ni lazima ampokee kila mtu?"

Swali hilo nililiona la ajabu kidogo, nikaliacha.

Baada yake walikuja wengine. Mmoja alisema mbwa anayebweka hivyo lazima ana kichaa. Nikamtolea kadi ya chanjo, akaisoma mbele na nyuma, akauliza kama ipo na ya mwaka huu. Ilikuwa ya mwaka huu. Mwingine alisema mtoto wake anashindwa kujisomea. Huyo anaishi ukuta kwa ukuta na baa ambayo spika zake hutikisa vikombe vyetu kabatini, na mkabala wake kuna fundi wa kuchomelea mageti anayeanza kazi kabla jua halijachomoza. Ukiongeza jenereta, bodaboda zilizotobolewa ekzosi na ngoma za kigodoro, utaona kwamba mtaani kwetu kelele si kosa. Kosa ni kupiga kelele halafu ukaulizwa kibali, ukashindwa kujibu.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alimpima, akamtazama mdomoni, akasema mbwa ni mzima kuliko mimi. Halafu akanieleza jambo lililonifanya nimwonee mbwa wangu wivu. Mtu anapita njiani, mbwa anabweka, mtu anaondoka. Mtu alikuwa anaondoka tu, anakwenda zake, lakini mbwa hajui. Kwa hesabu zake yeye ndiye aliyemfukuza. Kila anayepita ni ushindi mwingine. Niambie ni nani kazini kwako ambaye hajawahi kushindwa hata mara moja. Daktari akaongeza kwamba kumfokea dirishani hakusaidii, kwa sababu mbwa husikia bosi wake naye anabweka, anapata moyo. Akashauri tuzibe uwazi chini ya geti, na tumtembeze, maana mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa hana budi usiku kuitafuta kazi.

Kumtembeza mbwa Kimara kuna mambo yake. Watoto hukimbia huku wakipiga mayowe ya furaha. Watu wazima huhamia upande wa pili wa barabara, kisha wakakusalimia kutoka huko. Kijana wa bodaboda aliniuliza kwa huruma kama gari limeharibika.

Nilikwenda mpaka Kariakoo nikanunua kifaa ambacho, kwa maelezo ya muuzaji, hutoa sauti ya kumnyamazisha mbwa, sauti ambayo binadamu haisikii. Hilo la kutosikia ni kweli: sikio letu huishia kwenye hertz 20,000 hivi, la mbwa hufika kwenye 45,000. Ni biashara nzuri sana kuuza sauti ambayo mnunuzi hawezi kuhakiki kama ipo. Nilibonyeza. Hayawahusu akainamisha kichwa, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akakibwekea kifaa chenyewe. Mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia, wa tatu wakapokea, na nikasikia habari ikishuka kuelekea Morogoro Road.

Seremala wetu, aliyewahi kufanya kazi Kongo, aliniambia nimtafute mbwa wa huko asiyebweka. Nilidhani ananitania, kumbe yupo: anaitwa basenji, asili yake ni misitu ya Kongo, na kweli habweki kama wengine. Badala yake hutoa mlio wa kupanda na kushuka, nusu wimbo, nusu kilio. Nilipiga picha ya mlio huo saa nane za usiku mtaani kwetu, nikaamua nibaki na huyu. Kwa kubweka, angalau hakuna mtu atakayekupeleka kwa mganga.

Ndipo mjumbe wa nyumba kumi akaniita. Nyumba kumi kumi ni mfumo ulioanza enzi za TANU, miaka ya 1960, watu wakiwa na taifa la kujenga. Siku hizi kwetu hushughulikia maji ya kufulia yanayotiririka kwa jirani na matawi ya miembe yanayovuka ukuta. Viti vya plastiki vilipangwa uani kwa mjumbe, soda zikaletwa. Geti la kijani alizungumza kwanza, kwa ufasaha, akapendekeza mbwa apelekwe shamba. Wanaume wengi waliitikia kwa vichwa. Kisha akasimama mwalimu mstaafu wa hesabu, anayeishi mkabala nasi na hapati usingizi, akasema, "Ndugu mjumbe, mimi nina kumbukumbu."

Akatoa daftari. Lilikuwa na safu zilizopigwa kwa rula: siku, saa, muda, upande.

"Jumatatu. Saa sita na dakika arobaini usiku. Dakika nne. Kona ya duka."

Mwenye duka akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Jumatano. Saa kumi alfajiri. Dakika mbili. Hawa ni wa kuwahi mwendokasi, siwalaumu. Ijumaa. Saa nane na robo usiku. Dakika kumi na moja. Geti la kijani."

"Mwalimu, samahani," akasema mke wa geti la kijani. "Hebu rudia hapo."

Mwalimu maisha yake yote hajamnyima mwanafunzi marudio. Akarudia, taratibu, na saa akaitaja mara mbili.

"Ni Ijumaa hii iliyopita?"

"Ijumaa zote, mama."

Yule mama akamgeukia mumewe. "Mimi niliambiwa saa nne. Nikaambiwa ni foleni ya Ubungo. Foleni gani hiyo, na daraja la juu limefunguliwa tangu 2021?"

Hapo kikao kilibadilika. Geti la kijani akasema kwa maoni yake tusimpotezee mjumbe muda, mbwa naye ni kiumbe. Mwenye duka akaunga mkono. Akina mama, ambao mpaka hapo walikuwa wamekaa nyuma wakichambua mchicha, walisogeza viti mbele. "Soma, mwalimu," wakasema. "Soma tu, baba, tunakusikiliza." Mwalimu akafungua ukurasa wa pili. Mjumbe, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu, akauliza ghafla daftari lina kurasa ngapi, na alipojibiwa akatangaza kwamba amesikia ya kutosha: mbwa abaki, mwenye mbwa aendelee kumpa elimu.

Mmoja tu ndiye hakuridhika, bibi wa nyumba ya chini. Alinisubiri getini, akanieleza kwa upole kwamba kubweka hakumsumbui, na suala la mbwa wa ulinzi analielewa. Ila akipenya uani akalamba sufuria, yeye kwa dini yake inambidi aioshe mara saba, mojawapo kwa udongo, na magoti yake hayataki tena kuchuchumaa. Kesho yake tukaweka wavu pale ua ulipokuwa na tundu, mambo yakaisha. Katika mtaa mzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na shida na mbwa.

Siku hizi Hayawahusu anakula vizuri kutuzidi. Zamani alikuwa akila ugali na vichwa vya dagaa. Sasa mchana akina mama humletea mifupa ya supu, wakimsifu kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika hadi kwa waume zao. Usiku wanaume hupenyeza juu ya geti mapaja ya kuku wa chipsi, wakiamini wanamnunua. Anakula, kisha anabweka. Ni mwadilifu kwa namna yake: hakuna anayejua bei yake, kwa hiyo wote wanaendelea kulipa.

Mwalimu naye alikuja juzi. Akapiga hodi, tukaongea mvua, tukaongea saruji ingawa yeye alikwisha kujenga zamani. Aliposimama kuaga akatoa daftari, akalifungua, akaniwekea kidole kwenye mstari.

"Jirani, Alhamisi mbwa wako hakubweka kabisa. Usiku mzima. Akina mama wamekwisha kuniuliza mara mbili." Akavua miwani. "Sasa hapa niwajazie nini?"