Kabari ya Utingo

Mkaratusi wenyewe niliupanda mwaka 2008, tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe ilipozaliwa mwaka 2016, ulikuwa umeshapita paa la nyumba. Mwaka huu ukaanza kuinamia choo cha jirani, na jirani akaanza kunisalimia kwa mkato. Nikaazima chenso. Shemeji akajitolea kukata.

"Kabari unayo?" akauliza.

Tunduma hii nani akose kabari? Malori ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde yamejipanga barabarani, na kila utingo ana kipande chake cha gogo cha kuzuia tairi. Nikamnunulia mmoja chai na chapati mbili, akaniachia cha kwake.

Shemeji akakata mdomo upande tuliotaka mti uangukie, akahamia nyuma, chenso ikazama. Nikachomeka kabari, nikagonga. Kumbe paina tupu! Pigo la tatu ikafumka kama mswaki wa mti. Mkaratusi ukajikalia zake, ukaing'ata chenso.

Ilikaa humo siku mbili. Wapita njia walisimama kuitazama kama Kimondo cha Mbozi, ila kule Ndolezi watu hulipa kiingilio.

Nikaenda kwa mafundi wa kuchomelea, wakanikatia kabari kwenye springi ya lori. "Hii mzee, wajukuu watairithi." Ni kweli watairithi, maana mimi siigusi tena. Chenso iliinasua vizuri, sikatai. Lakini shemeji alipoendelea kukata, cheni ikakutana na chuma: cheche, mlio wa kukwaruza, meno yote butu. Cheni mpya ikanigharimu kuliko ambavyo ningeuza mti mzima kuni. Hapo ndipo nilipoambiwa kinachojulikana na kila mkataji isipokuwa mimi: kabari ni ya plastiki, ya alumini au ya mti mgumu, ili cheni ikiteleza iile kabari, isijile yenyewe.

Haya, plastiki. Muuzaji alinitajia bei kwa shilingi. Nilipokunja uso akanitajia kwa kwacha, nikaona imepungua. Nikalipa. Kilikuwa kitu cha rangi ya machungwa, kinang'aa, chepesi kama kifuniko cha ndoo. Asubuhi ya Juni, baridi ya huku mnaijua, nikakigonga mara moja tu. Kikapasuka. Nikawa na kabari mbili, zote hazifai.

Mwisho akaitwa mzee mmoja mpasua mbao kutoka Ileje. Aliitikia shikamoo zetu, akauzunguka mti bila kusema neno, kisha akatoa mfukoni kabari iliyochakaa, kichwa kimefumuka pembeni kama uyoga. Nikamtazama shemeji. Mzee hakutujali. Akachukua kisu, akanyoa ule uyoga taratibu mpaka kichwa kikawa safi.

"Hizi nyama zikiachwa, siku moja zinakatika na kukurukia jichoni," akasema.

"Ina miaka mingapi, baba?"

"Miaka sihesabu. Nahesabu vidole. Viko kumi."

Akanipa darasa pale pale. Kabari ya kudumu ni nzito mkononi, na ukiigonga inabonyea, haipasuki. Usoni ina mikwaruzo ya kushika mti, isije ikatemwa nje kama mbegu ya embe. Na haiendi moja. Kama fedha hakuna, chonga mti mgumu uliokauka, ukifuata nyuzi zake. Kisha akachomeka mbili sambamba, akazigonga kwa zamu, polepole, sikio likiwa mtini. Mkaratusi ukalalama, ukalala pale pale alipoonyesha kwa kidole. Choo cha jirani hakikuguswa hata na vumbi.

Jioni nikapiga hesabu. Chai, chapati, springi, cheni, kifuniko cha ndoo: kwa fedha hizo ningenunua kabari nne za maana na chenji ya soda.

Nikiwa bado na kalamu mkononi, utingo akabisha hodi, anadai kabari yake. Wiki nzima imepita, foleni yao haijasogea. Nimempa ile ya springi. Kwa tairi inafaa sana.