Pilau ya Matawi Mawili

Ofisini kwetu iliamuliwa kwamba kabla ya kuikabidhi Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, msimbo wa malipo ya wateja, tuijaribu kwanza kwa kitu ambacho kikiharibika hakuna atakayetupigia simu. Mmoja akapendekeza ratiba ya harusi, akanyamazishwa. Yakashinda maelekezo ya kupika pilau, kwa kuwa kila mtu pale ana msimamo wake kuhusu pilau na hayuko tayari kuubadilisha.

Basi faili likahifadhiwa, kila mtu akakata tawi lake, yaani nakala yake ya kuhariri pembeni, akaandika anavyojua. Kazi iliyobaki ilikuwa kuunganisha.

Git haina uchawi. Inarudi hadi toleo ambalo matawi yote mawili yalichipukia, kisha inatazama nani kagusa nini. Sehemu iliyobadilishwa upande mmoja tu, inapita. Ikibadilishwa pande zote mbili kwa namna tofauti, Git inanyoosha mikono: inaweka mishale saba juu, alama saba za sawasawa katikati, mishale saba chini, na kukuachia uamue.

Mishale ya kwanza ikatua kwenye vitunguu. Tawi moja lilisema vikaangwe mpaka viwe vya dhahabu, jingine mpaka vikaribie kuungua.

“Kaka, wewe umewahi kupika pilau, au umewahi kula tu?” dada wa mapokezi akauliza.

Kaka hakujibu. Mjadala ukaenda mpaka chai ya saa nne ikapoa, na Git ikasubiri bila kulalamika, jambo ambalo binadamu wa ofisi ile hawaliwezi.

Mgongano uliofuata ulikula faili zima. Tukakodoa macho: maneno ya pande zote mbili yaleyale, nukta zilezile. Kumbe kompyuta ya mwenzetu mmoja humalizia kila mstari kwa alama isiyoonekana, tofauti na ya kwetu, na kwa Git hiyo inatosha kuitisha baraza la usuluhishi.

Kijana wa mazoezi naye akalibadilisha jina faili la pilau, akaliita biriani, akarekebisha maneno machache. Wakati huohuo tawi jingine lilikuwa limeongeza viazi kwenye pilau. Sasa, Git kwa kawaida ikikuta faili jipya linafanana na lililotoweka kwa asilimia 50 au zaidi, inalihesabu kuwa ni lilelile, limehama tu. Viazi vikaifuata biriani kimyakimya. Kuna watu Zanzibar hawapaswi kuisikia habari hii.

Linus Torvalds alianza kuiandika Git tarehe 3 Aprili 2005, na tarehe 18 mwezi huohuo ikaunganisha matawi kadhaa kwa mara ya kwanza. Sisi kwa muda huo tungekuwa bado tunateua katibu wa kamati.

Lakini lililonitia hofu hasa halikuwa ugomvi. Toleo la kwanza lilisahau chumvi. Mmoja akaliona hilo, akaongeza vijiko vitatu juu kabisa, nyama inapochemshwa. Mwingine akaliona vilevile kwenye tawi lake, akaongeza vijiko vitatu chini, mchele unapoingia. Mistari iko mbalimbali, haigusani. Git ikaunganisha bila mshale hata mmoja, kijana wa mazoezi akapiga makofi. Kwenye msimbo wa malipo, chumvi hiyo ni kodi inayokatwa mara mbili, na hapo ndipo simu zinapoanza kulia.

Karatasi ikachapishwa, akapelekewa mama wa kantini, tumsikie mwenye fani. Akaisoma yote, akavua miwani.

“Wanangu, nani kaandika chumvi mara mbili?”

“Hakuna, mama. Kila mtu kaandika mara moja.”

“Haya,” akasema akiirudisha karatasi, “basi mkailie hukohuko kwenye kompyuta.”