Mshirika Wetu wa Milimita Tatu

Leseni ya duka letu la viungo, iliyotundikwa ukutani, ina jina la baba peke yake. Kwa haki ingekuwa na wanne: baba anunuaye, mama apimaye, mimi nisagaye na kuandika madeni, na kidudu mmoja wa kahawia, urefu wake milimita mbili hadi tatu, mgongo wa mviringo, kichwa amekiinamisha muda wote kwa adabu. Sisi watatu huugua, husafiri, huitwa mazikoni. Yeye hajakosa zamu hata Idi mosi. Haombi mshahara wala nauli, na hajawahi kuja asubuhi na habari kwamba shangazi yake wa Malindi kalazwa. Hata hivyo akionekana tu juu ya kaunta hupigwa kofi. Nimeona niandike sifa zake kabla baba hajarudi kutoka soko la Marikiti.

Tuanze na ukoo, maana hapa Mombasa hata mchumba huulizwa babu yake kwanza. Wataalamu wanamwita Lasioderma serricorne, na aliyemwandika vitabuni ni Mdenmaki Fabricius, mwaka 1792. Binamu yake, Stegobium paniceum, ambaye naye hutukirimu mara kwa mara, aliandikwa na Linnaeus mapema zaidi, mwaka 1758. Lakini hizo ni karatasi za juzi. Kaburi la Tutankhamun lilifunguliwa kule Misri mwaka 1922, na katika masurufu aliyofungiwa Firauni yule kijana kwenda nayo ahera, wachunguzi walikuta mabaki ya hawa wawili, yule na binamu yake. Zaidi ya miaka 3,000 wamo mle, pembeni ya dhahabu, wakishughulika na mambo yao. Nawajua watu wa Mji wa Kale wanaojisifu kwa silsila ya vizazi saba. Basi na wakae kimya kidogo.

Pili, hachagui chakula. Pilipili kavu anakula, tangawizi anakula, manjano, giligilani, tumbaku ya mzee wa jirani. Pareto, lile ua ambalo Kenya ilijulikana kwalo dunia nzima kwa sababu linaua wadudu, yeye anaweza kulila likiwa limekaushwa na kusagwa. Siri yake iko tumboni: amefuga humo aina ya chachu inayomsaidia kuvunja sumu na kumpa vitamini ambazo bizari haina. Mama hupaka chachu hiyo juu ya mayai, na mwana akianguliwa, kitu cha kwanza anachokula ni ganda la yai lake. Huo ndio urithi, na haujawahi kupelekwa mbele ya kadhi.

Tena anayekula ni mtoto tu, yule funza mweupe aliyejikunja. Akishakuwa mtu mzima hagusi tena chakula kigumu. Hunywa akipata, huoa, na baada ya wiki chache huaga dunia. Mimi hata kufunga sita za Shawwali hunishinda.

Watu hudhani anazaliwa dukani kwa uchafu wetu. Hapana, yeye ni msafiri. Mali yetu hutoka mbali: iliki ya Guatemala, jira ya Gujarat, mdalasini wa Sri Lanka, karafuu za Pemba, pilipili manga ya Muheza. Katika gunia lolote kati ya hayo (karafuu nazitoa, mafuta yake makali hayamvutii sana) anaweza kuja akiwa yai, halipii ushuru wala haoni foleni ya bandarini. Akifika hapa anakuta digrii thelathini na unyevu wa bahari, mambo ambayo yanamfaa kuliko yote. Akipata hayo, yai linakuwa mdudu kamili kwa muda wa mwezi hivi. Angeshukia kwenye baridi ya Limuru angekaa bila watoto. Alichagua Pwani, kama wafanyavyo watu wenye akili.

Serikali nayo imemsaidia. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, maduka kama letu yalirudi kwenye karatasi. Waliotunga amri walikuwa wakifikiria ng'ombe na mitaro. Kidudu alifikiria milango, naye hutoboa karatasi kitundu kisafi cha duara, ambacho fundi wa keekee angekionea wivu.

Kipaji chake kikubwa ni kufa. Ukimgusa huingiza kichwa, hukunja miguu, na anabaki tone la kahawia lisilo na mbele wala nyuma. Mwaka huu, wiki ya mwisho ya Shaabani, duka limejaa watu wa bizari ya pilau, mama mmoja mteja wetu wa tangu zamani alifunua mkebe wa pilipili ya kusaga, akaukodolea macho.

"Baba Salim, hii pilipili yatembea."

"Ni feni hiyo, bi mkubwa."

Mama akakitoa kile kitu kwa ncha ya kijiko, akakiweka juu ya kaunta. Hakikutikisika. Baba akakitazama kwa huruma. "Haradali," akasema. "Punje ya haradali imeangukia humo." Na kwa kweli ilikuwa haradali: rangi ileile, ukubwa uleule. Watu wakainama. Wakati huo hakuna aliyemsaidia baba kuliko yeye. Alikaa amekufa kwa uaminifu wote, na yule mama akaanza kulainika, akaulizia bei ya zafarani. Ndipo haradali ikatoa mguu mmoja, kisha wa pili, ikajinyoosha, ikashika njia kuelekea kwenye jira.

"Mashaallah," mama akasema. "Na haradali yako yajua kwao."

Alinunua pilipili nzima badala ya ya kusaga, akasimama pale pale mpaka nikamsagia mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo wengine nao hutaka hivyo hivyo. Mashine inalia toka asubuhi, ukoo mzima unapiga chafya, lakini biashara ya kusaga mbele ya mteja ndiyo inayotutofautisha na pakiti za maduka makubwa, na aliyeianzisha si mimi wala baba.

Nije sasa kwenye jambo ambalo baba hatalisoma akafurahi. Baba ana maradhi ya kununua. Akisikia iliki itapanda, hununua. Akisikia itashuka, hununua kabla haijashuka, nisimuelewe mpaka leo. Magunia hupangwa nyuma ya duka mpaka dirisha linapotea, na yakishapangwa huwa kama mali ya wakfu, hayaguswi. Mama amesema, mimi nimesema, ami yangu aliyesoma uhasibu alikuja na kalamu akachora mistari miwili inayokutana. Baba aliwasikiliza wote, akaagiza chai.

Kidudu hakuchora kitu. Aliingia kwenye gunia la pilipili lililokuwa chini kabisa, lile lililosahauliwa, akaanza kazi. Gunia lilipovutwa hatimaye, pilipili zilikuwa na umbo na rangi ya pilipili, lakini ukiibonyeza moja, inavunjika mkononi na kumwaga unga mwepesi usiowasha hata ulimi wa mtoto. Baba alikaa juu ya kigoda akabonyeza moja, nyingine, nyingine tena. Tangu hapo kila gunia jipya huandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na la zamani ndilo linalofunguliwa kwanza. Ami yangu angetoza fedha kwa somo hilo. Huyu alichukua pilipili tu.

Lakini nampendea zaidi uwazi wake. Biashara hii ina maovu mengi ambayo hayana miguu. Mwaka 2005 huko Uingereza mamia ya vyakula yaliondolewa madukani kwa sababu pilipili ya unga iliyotumika ndani yake ilitiwa Sudani namba moja, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi manjano ya Bangladesh yalivyokuwa yakipakwa kromati ya risasi ili yang'ae, risasi inayodumaza akili za watoto. Na mwaka 2024 Hong Kong na Singapore ziliondoa sokoni michanganyiko ya viungo kutoka India kwa sababu ya oksidi ya ethilini, gesi ya kuulia viini na wadudu. Mteja aliyeshika pakiti hizo aliona nini? Aliona wekundu mzuri, umanjano mzuri, na hakuna kilichotembea. Hapa mtaani nako, mwenye kuchanganya mbegu za papai na pilipili manga hategemei zitoe miguu zimsaliti. Katika balaa zote zinazoweza kukaa ndani ya mkebe wa bizari, hii moja ndiyo inayopanda juu ya kaunta saa tano asubuhi, duka limejaa, na kujitambulisha.

Si kwamba tunamwachia. Sipendi mtu anifahamu vibaya, hasa afisa wa afya. Dawa ya kwanza ni jua: pilipili hutandazwa kwenye mikeka juu ya paa la saruji, kisha jioni hupepetwa na kuchambuliwa. Shangazi zangu huja na teo zao, na hapo ndipo mambo ya ukoo huamuliwa. Posa ya binamu yangu ilipita katikati ya kilo ishirini za pilipili, na bila kidudu sijui wangekutana lini. Ubaya wa jua ni kwamba halibagui. Linamtoa mdudu, linatoa na wekundu na harufu, na mteja wa Mombasa huyatafuta mawili hayo toka mlangoni.

Dawa bora zaidi ni baridi. Wiki moja ndani ya friza, digrii kumi na nane chini ya sifuri, inamaliza mayai na wenyewe, na harufu inabaki. Ila friza ni ya mama. Humo mna pweza, mna nazi ya kukuna, na mna barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa madrasa. Mara ya mwisho baba alipoingiza pilipili mle kwa siri, barafu zilitoka na ladha mpya, na mwalimu akaleta ujumbe. Sasa mama anataka alipwe kodi ya friza, kwa wiki, pesa mkononi. Baba anasema hawezi kulipa kodi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wamenipa mimi niamue, na gunia lenyewe limeegemezwa mlangoni mwa jikoni, limeandikwa tarehe.