Mawaridi ya Naivasha na Kiu ya Mjomba

Shangazi yangu hagombani na mtu ila na marashi ya dukani. Akifungua chupa, huinusa, hukunja pua, hukata hukumu: “Maji ya mfereji na dawa.” Amedekezwa. Jamaa zetu wa Oman humletea marashi ya Jabal Akhdar, yanayopikwa kienyeji kwa moto wa kuni mawaridi ya mlimani yanapochanua, mwezi wa Aprili hivi, nayo hubaki na kijiharufu cha moshi. Aliyezoea hayo hatosheki na mengine.

Basi harusi ya binamu ikabisha hodi na chupa ya Oman imekauka. Shangazi akaamua marashi yapikwe nyumbani, Kibokoni. Nikatumwa mawaridi. Muuza maua akanipa shada la Naivasha, mekundu, vikonyo virefu, mazuri hata wazee wa barazani wakaniuliza nakwenda kumposa binti wa nani.

Ufundi wenyewe si mgumu. Unaweka bakuli zito katikati ya sufuria, juu ya kigae, petali unazizungusha pembeni na maji ya kuzifunika tu. Moto uwe mdogo. Kifuniko hugeuzwa, kishikio kikatazama bakuli, na mgongoni mwake barafu. Mvuke ukigonga ile baridi hugeuka matone, yakateremka hadi kwenye kishikio na kudondoka bakulini. Tulikaa tukisikiliza. Tone. Kimya. Tone.

Kisha stima zikapotea, na barafu nayo ikaanza kutuaga. Kijana wa nyumbani akakimbia sokoni, akarudi na barafu ya wauza samaki. Shangazi akaiosha (sijapata kuona barafu ikioshwa), akaipanga juu ya kifuniko. Haikugusa kitu ndani, lakini jiko zima likawa linanuka changu.

Tulichovuna ni chupa moja ya maji maangavu yenye harufu ya mchicha uliochemshwa. Lawama si ya samaki. Mawaridi yale hulimwa yapande ndege hadi Ulaya, yakae mezani siku nyingi bila kunyauka. Harufu haikuwa kwenye mapatano. Tena hupigwa dawa za wadudu, si kitu cha kutia kwenye vileja wala kupaka usoni.

Shangazi, asiyemwaga kitu, akaisukuma ile chupa ndani ya friji. Alasiri akaingia mjomba kutoka juani, hata salamu hajamaliza, akaigugumia yote. Akajifuta mdomo. “Alhamdulillahi, leo mmepata maji matamu! Kwetu ni ya kisima, chumvi tupu.” Hakuna aliyethubutu kusema neno. Yu mzima mpaka leo.

Siku ya harusi mrashi ulijazwa ya dukani. Bibi mmoja akayapokea viganjani, akajipaka shingoni, akafumba macho: “Haya ya Oman, sivyo?” Shangazi hakujibu. Alimnyunyizia tena.

Nawe ukitaka kupika yako, liache duka la maua. Tafuta waridi la uani linalonukia, lisilojua dawa, ulichume alfajiri kabla jua halijaiiba harufu yake. Na chupa uiandike jina kwa kalamu nene kabla hujaitia frijini.