Sifa za Karatasi ya Mahudhurio

Wakili akichelewa, semina humsubiri. Chai ikichelewa, watu hunung'unika, nao huisubiri. Lakini karatasi ya mahudhurio ikisahaulika Nyamira mjini, semina haipo kabisa, na watu waliojaa kwenye viti vya plastiki pale Kebirigo hawajafika, hata kama wameamka saa kumi alfajiri na kuacha majani chai bila kuchumwa. Niliona bodaboda ikitumwa mbio kuifuata. Mwenye pikipiki alilipwa zaidi kuliko mtu yeyote aliyekuwa ukumbini siku hiyo, nikiwemo mimi.

Mimi nilikuwa mtumishi wa karatasi hiyo. Kitengo cha mafunzo cha shirika moja kilikuja kuwafunza wanakijiji wawe wasaidizi wa kisheria, na kibarua changu cha siku mbili kiliandikwa kwa heshima: msaidizi wa utawala. Maana yake ni mtu wa kubeba faili, kuhesabu vikombe, kutafuta stepla na kukimbizana na saini. Nimekula mshahara wake, acha niimbe sifa zake.

Kwanza tujue inatoka ukoo gani. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuwekewa wakili na Serikali, kwa gharama ya Serikali, ikiwa bila wakili atadhulumika pakubwa. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikazaliwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuandaa, kwa kushauriana na Baraza la Elimu ya Sheria, mafunzo ya wasaidizi wa kisheria na utaratibu wa kuwapa vyeti. Maneno haya matamu yote yametungwa Nairobi. Yakifika Kisii yamechoka, yakipanda mlima kuja kwetu yamekonda, na yanaposhuka kwenye matatu kati ya michai na migomba ya Kebirigo yamebaki karatasi moja ya A4 iliyolazwa ubavu, yenye mistari 20 na mahali pa kutia saini. Usiidharau. Ndiyo sehemu ya Katiba iliyofika.

Tazama usawa wake. Kwa miaka mingi nchini Kenya, aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili wa bure, ilhali mwenzake wa wizi wa mabavu, ambaye Kanuni ya Adhabu ilimwandikia kifo kilekile, alisimama peke yake mbele ya hakimu akijitetea kwa Kiswahili cha kuombea maji. Karatasi yangu haina ubaguzi wa namna hiyo. Chifu ana mstari mmoja. Mama muuza ndizi ana mstari mmoja. Mzee aliyeingia kwa kuwa alisikia kuna mandazi ana mstari mmoja, upana sawa na wa chifu.

Na ina udadisi wa kiungwana! Inauliza jina, nambari ya kitambulisho, jinsia, umri, kama una ulemavu, wadhifa wako, simu yako, kisha saini. Safu nane, na hakuna hata moja inayouliza kama umewahi kusimama kizimbani bila kuelewa ulichoulizwa. Hekima iliyoje. Ingeuliza hivyo, mistari 20 isingetosha.

Safu ya kitambulisho niliidhania ni upuuzi mpaka nilipokuta kina Moraa watatu na kina Nyaboke wanne katika ukumbi mmoja. Safu ya jinsia nayo niliicheka mpaka siku ya pili, tulipoigiza kesi. Kijana mmoja aliyejifanya mshtakiwa alisema, "Baba ndiye aliyeona." Wakili mkufunzi, mtu wa mbali, akamwita baba asimame, akawa anatazama upande wa wanaume. Akasimama bibi mwenye leso. Mkufunzi akamwomba radhi, akamwambia aketi, akaendelea kumtafuta baba. Ukumbi ukavunjika mbavu. Kwa Ekegusii baba ni mama; aliyemzaa mtu kwa upande wa kiume ni tata. Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, lakini mkalimani hujua tu kutafsiri neno analotambua kuwa geni, na neno baba hakuna anayelishuku. Karatasi ilikuwa imelimaliza jambo hilo tangu asubuhi: mstari wa 17, KE.

Wakosoaji watanikumbusha kipande. Ni kweli, babu zetu hawakupenda kuandikwa. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ilimfanya mwanamume Mwafrika atembee na alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha bati alichokivaa shingoni, na asiye nacho angeweza kuishia jela. Sasa wajukuu wanapigania kalamu ili waandikwe. Tofauti ni nini? Kipande hakikurudisha nauli. Karatasi ya mahudhurio hurudisha shilingi 300, na mtu akipewa 300 hukitoa kidole gumba mwenyewe, na cha pili ukitaka.

Kule Marekani wanamsifu Clarence Gideon, mfungwa wa Florida aliyechukua penseli na karatasi za jela akaiandikia Mahakama ya Juu kwamba alinyimwa wakili. Mwaka 1963 akashinda, na majimbo yakalazimika kuwapa maskini mawakili katika kesi nzito za jinai. Nampa heko yake. Lakini barua ile haikuwa na nambari ya simu, haikuonyesha umri wala ulemavu, na kwa mkaguzi wetu wa hesabu isingepita.

Mkaguzi, ndiyo. Huyo ndiye msomaji halisi wa karatasi hii. Hatakuja Kebirigo kumuuliza bibi kama anajua haki zake akikamatwa. Atakaa na masurufu mkono mmoja na saini mkono mwingine, atahesabu mandazi, na mandazi yakizidi saini kuna mtu atajieleza. Ndiyo maana wakufunzi walizungumza huku wakinitupia jicho mimi wa nyuma: imezunguka? Mstari wa tisa umesainiwa? Na washiriki nao si wajinga. Walipogundua kwamba karatasi ya alasiri hupita saa nane, saa nane na robo ukumbi ulibaki na wakufunzi wawili, mimi, na bibi wa mstari wa 17, ambaye matatu yake ilikuwa bado.

Hapa ndipo karatasi ilipofanya muujiza wake, bila kukusudia. Ilinifunga kwenye kiti. Aliyelipwa kuilinda hawezi kuondoka, basi nikasikia kila kitu, mara mbili, nikirekebisha tahajia za majina. Hivyo aliyefuzu zaidi katika mafunzo yale ni karani, ambaye jina lake halikuwemo kwenye orodha.

Nauli zilikwama, nikazituma kwa M-Pesa kutoka simu yangu mwenyewe ili nidai baadaye. (Nilidai miezi miwili.) Ujumbe wa M-Pesa wa siku hizo ulibeba jina la aliyetuma na nambari yake. Majuma kadhaa baadaye, saa nne usiku, simu ikalia.

"Wewe ndiye yule wa karatasi?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu amekamatwa. Wanasema chang'aa. Wanataka elfu tano ndiyo atoke."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wakili. Nilitaka kumpa nambari ya mkufunzi, lakini mkufunzi hulala mapema na simu yake hulala kabla yake. Nikamweleza nilichokumbuka: kwamba bondi ya polisi haiuzwi, kwamba wakikataa kumpa, wamfikishe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa muda huo unaishia korti imefungwa, kwamba asikiri kosa asilolielewa.

"Na hizo elfu tano?"

"Waambie wakuandikie risiti, mama. Dhamana ya fedha hurudishwa kesi ikiisha. Risiti tu."

Akanyamaza kidogo. "Karatasi," akasema.

"Ndiyo, mama. Karatasi."

Asubuhi akanipigia tena. Kijana alikuwa nyumbani, kwa bondi, bila shilingi. Aliyekuwa zamu hakupata kitabu cha risiti. Alimuuliza bibi yeye ni nani hata adai maandishi usiku, naye akamjibu kwamba jina lake liko kwenye karatasi. Karatasi gani? Ya Serikali, mstari wa 17, wakitaka waipigie simu.

Nikampongeza, nikataka kukata. Akasema ngoja kwanza. Alikuwa ametoa kitambulisho kwenye leso, akaanza kunisomea nambari pole pole, moja moja, kisha akauliza safari hii asaini wapi.