Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi

YAH: PONGEZI KWA FOLENI YA KIDIJITALI

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la hospitali yako nalihifadhi, maana likitajwa mapema hospitali jirani zitaiga na tuzo itakuponyoka.

Zamani mgonjwa wa dharura alikaa kwenye benchi bila kujua atangoja mpaka lini. Leo, kwa programu yako ya mtandaoni, anakaa kwenye benchi lile lile akiwa na uhakika: zimebaki dakika 15. Zilikuwa 15 nilipomfikisha mjomba saa mbili usiku, zilikuwa 15 saa sita, na adhana ya alfajiri ilipolia bado zilikuwa 15. Bei ya sukari haijawahi kutulia namna hiyo.

Nimependa pia kujiandikisha kwenyewe. Unaskani msimbo uliobandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha mlinzi. Unaingiza namba ya NIDA. Unangoja meseji yenye tarakimu ambazo zinakufa kabla hujazisoma. Kisha maswali. "Je, mgonjwa amezimia?" Ukijibu ndiyo, unaelekezwa umpe mgonjwa simu athibitishe. Aliyegongwa na bodaboda anatakiwa kupakia picha ya PF3. Fomu hiyo hutolewa polisi, lakini programu ina huruma: inamruhusu ahifadhi alipofikia na kuendelea baadaye.

Mwenye kitochi hakusahaulika, ataazima simu ya jirani. Ndivyo mama mmoja, mtoto wake anahema mbavu zikiingia ndani, alivyojikuta nyuma ya kijana aliyechubuliwa kisigino na kiatu kipya. Kijana alikuwa na bando.

Naona basi mmeachana na ushamba wa kuwapanga watu kwa uzito wa hali zao. Afrika Kusini bado wanang'ang'ania rangi: mwekundu anaingia moja kwa moja, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani anaweza kuvumilia hata kwa muda wa saa nne. Vifaa vyao vinatia aibu: nesi, saa ya kuhesabia pumzi na mapigo, mashine ya presha, kipimajoto, na macho ya kuona kama mtu anatembea, au kama akiitwa anaitika. Hakuna hata nywila. Muhimbili nao, waliofungua idara yao ya tiba ya dharura mwaka 2010, hawajaona haya kuanza na hali ya mgonjwa badala ya namba yake.

Nesi wako aliyekuwa akiifanya kazi hiyo mlangoni nilimwona. Siku hizi yuko ndani, kwenye kiyoyozi, anaandika majina yetu mara ya pili, kwa sababu programu mpya haisomani na mfumo wa malipo. Daktari wa zamu alikuwa mmoja. Wodini vitanda vimejaa, kwa hiyo waliokwisha kuandikiwa kulazwa waliendelea kulala kwenye machela za dharura, na mgonjwa mpya hakuwa na pa kulazwa hata daktari angekuwa malaika. Nilitafuta kitufe cha tatizo hilo. Kuna cha kubadili lugha, na kingine cha kuchagua rangi ya ukurasa.

Kwa toleo lijalo nina maombi. Ongeza daktari wa pili usiku. Kama bajeti inaruhusu vitu vya kidijitali peke yake, mwandike kama sasisho. Mrudishe nesi mlangoni, hata kwa kumvalisha fulana yenye nembo ya programu. Tafuta vitanda wodini, ingawa najua havipendezi kwenye uzinduzi kama skrini. Na ule ukurasa wa nyota tano unaouliza "Umefurahia kusubiri kwako?", usitumwe kabla mtu hajaonwa na daktari. Mjomba ulimfikia alfajiri. Alizibonyeza zote tano akidhani anamwita nesi, na nasikia ndizo zilizopelekwa wizarani kama ushahidi wa mafanikio.

Wako katika ujenzi wa foleni,

Msindikiza mgonjwa