Sifa za Ukoga

Washairi wamemsifu ngamia, wakausifu mnazi, na wengine hawakuona haya kuwasifu matajiri; lakini ukoga, ule utando wa manjano ulalao juu ya meno na kujificha baina yao, haujapata hata mja mmoja wa kuushuhudia fadhila zake, nami naona insafu hainiruhusu kunyamaza.

Sifa yake kwanza ni ya kielimu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza nguo wa Delft huko Uholanzi, aliyejisifu kuwa meno yake ni safi, alikwangua kilichosalia baina yao, akakichanganya na maji ya mvua, na kwa kioo chake cha kukuzia akaona viumbe vidogo vikienda kwa madaha, akawaandikia habari zake wataalamu wa Royal Society ya London. Ni taka gani nyingine iliyopata kuingia baraza la wanazuoni kwa taadhima kama hiyo?

Na itifaki yake je? Jino likiisha kusuguliwa tu, hutangulia bakteria waitwao streptokoki, ambao baadhi yao, wapatapo sukari, huigeuza gundi ya kuwashikamanisha wote. Oksijeni huitumia wao, hata wale wa chini, ambao kwao ni sumu, wakaishi salama. Asidi waitoayo streptokoki hao, bakteria aitwaye veilonela huipokea ikawa riziki yake. Na fuzobakteria, mrefu wa umbo, humshika aliyetangulia huku na aliyechelewa kule, bila kuuliza kabila. Dawa ya kusukutua, imwuayo bakteria mpweke, huwafikia hawa wa ndani imekwisha makali. Tena ukoga ni mwaminifu: ukiachwa hunyonya madini ya mate ukawa jiwe, na katika mafuvu ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita umekutwa ungali umelishika jino, umehifadhi masalio ya walichokula.

Wapo watakaoteta kwamba asidi ile ile hutoboa meno, na kwamba ufizi huvimba ukatoka damu. Ni kweli, wala sikatai. Lakini ni ushirika gani duniani uliostawi pasipo mtu wa nje kubebeshwa gharama? Sisi wenye ndimi za kusemezana tumeshindwa kukubaliana hata zamu ya kuzibua mfereji wa mtaa; basi ashikaye mswaki alfajiri asugue kwa bidii, maana anapigana na umma uliopatana.